Ng'ombe Ishirini wa Keneuoe

Hlotse, 3 Februari 1984

Dada yangu Limakatso,

Nakusalimu wewe na Tlotliso, na yule jirani yako mwenye kikohozi, kama bado yupo. Huku bondeni tu wazima. Moliehi ametimiza miaka kumi na miwili na ananifika masikioni. Lipuo ana miaka minne na maneno ya mtu wa arobaini. Mama mkwe bado anasumbuliwa na miguu, hasa wa kushoto, na siku hizi hashuki ngazi za kibarazani bila kushikwa mkono. Jua limekausha mahindi yakiwa magotini. Lakini kinu cha mume wangu kinasaga mahindi ya kutoka ng'ambo ya mpaka, watu wanapanga foleni tangu asubuhi, kwa hiyo ukame umetupita pembeni.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Bwana Letlatsa ameniambia nikuandikie, na hapa ninapoandika ameketi mbele yangu anamalizia chai. Anasema mwanamke kuishi peke yake na mtoto huko juu, akijiokotea samadi ya kuwashia moto na kujifungia mlango mwenyewe, ni aibu inayoshuka na mto mpaka kwetu. Wateja wanamuuliza. Nyumba yetu ina vyumba saba na kimoja hakina mtu. Uje ukae nasi. Utamsaidia mama mkwe kuoga na kutembea, na Tlotliso ataingia shule nzuri ya huku, sare juu yetu. Anasema mwanamke wa miaka thelathini na sita hana tena muda wa kuchagua.

Hayo ndiyo aliyosema. Mimi naongeza kwamba ningefurahi kukuona. Tangu mazishi ya baba ni mwaka wa tano.

Nijibu kwa sanduku la posta la duka, kama kawaida.

Mdogo wako,
Mamoliehi (Keneuoe)


Mokhotlong, 2 Machi 1984

Keneuoe mdogo wangu,

Mimi hilo jina la ukweni halinikai mdomoni, utanisamehe. Barua yako ilipanda na ndege ndogo ya posta, ikakaa ofisini siku tisa kwa sababu karani alikwenda kuoa. Tunamshukuru Mungu ameoa. Jirani mwenye kikohozi yupo, na anasema atatuzika sote. Tlotliso amekuwa wa tatu darasani, na katika kubishana hana mpinzani.

Mshukuru sana shemeji kwa moyo wake. Sitakuja.

Nisije nikaonekana nina kiburi, ngoja nikueleze. Nilimsomea Tlotliso habari za vyumba saba. Akafikiri kidogo, akauliza, "Nani anavifagia?" Nikamwambia ni mama yako mdogo. Akasema basi sisi tubaki na viwili vyetu.

Hivi viwili vya mawe alivyotuachia baba vinatutosha. Kimoja tunalala, kingine tunapika upepo ukiwa mkali. Nina kuku wanne, bustani ya kabichi na viazi nyuma ya ukuta, na mpichi mmoja unaozaa kuliko ukubwa wake. Asubuhi tunakunywa uji wa mtama uliolala ukachachuka, mtoto anakwenda shule, mimi natoka na kiti juani nasokota sufu ya mbuzi mpaka vidole viwe na joto. Masweta yangu wanavaa manesi wa hapa na askari wawili. Koti la Tlotliso la mwaka juzi nimelipindua, upande wa ndani sasa uko nje, na mwalimu wake amesifu koti jipya. Sukari tunatia Jumapili tu, ndiyo maana Jumapili inaonekana. Tuna sufuria mbili, kwa hiyo hakuna ugomvi wa ipi ioshwe.

Nikichoka mapema, nalala mapema. Nikitaka tule viazi vitupu, tunakula viazi vitupu. Nikitoka, hakuna anayeniuliza nilikuwa wapi. Unajua, Keneuoe, hilo la mwisho nisingelibadilisha hata kwa vyumba kumi na saba.

Nakutumia soksi za Lipuo. Kama ndogo, mpe mwanasesere.

Dada yako,
Limakatso


Hlotse, 9 Aprili 1984

Dada,

Salamu kutoka kwa wote. Soksi zimemtosha, hataki kuzivua hata kuoga. Baridi imeanza kuingia asubuhi. Mama mkwe amenunuliwa kiti cha kusukuma.

Bwana alinisomea barua yako, maana barua zikifika dukani yeye ndiye anayezifungua, kisha ananisomea mezani. Alicheka sana pale pa sukari. Alisema umaskini ukikaa na mtu muda mrefu humfundisha kujisifu.

Mimi nimebaki nikiwaza mambo madogo madogo. Samadi mnaianika lini ili itoshe mpaka Septemba? Kabichi ya kukausha, ni vichwa vingapi kwa watu wawili? Kwa watu wanne je? Mtu asiyezoea baridi ya huko afanyeje miezi ya kwanza? Na ule mlango wa chumba cha kulala, komeo lake liko ndani au nje?

Nauliza tu.

Mdogo wako,
Mamoliehi


Mokhotlong, 30 Aprili 1984

Keneuoe,

Sisi wazima, ila Tlotliso aliumwa jino nikamng'oa kwa uzi na kitasa, na hajanisamehe.

Umenifurahisha. Katika maisha yako yote hujawahi kuuliza habari za samadi. Ulipokuwa na miaka tisa ulikuwa unajificha nyuma ya zizi ili usiguse ndoo. Sasa sikiliza. Tunaianza Februari, jua likiwa bado lina nguvu. Unaipondaponda kwa miguu, unaikata vipande kama mkate, unaviegemeza ukutani. Ukichelewa mpaka Aprili kama mimi mwaka ule wa kwanza, utapika kwa machozi. Kabichi, ishirini kwa sisi wawili. Unaikatakata, unaichemsha kidogo, unaianika juu ya ezeko. Na mapichi unayagawa, unatoa kokwa, unayaanika kwenye gunia. Watoto watayaiba, kwa hiyo weka na sehemu ya wezi. Kwa watu wanne zidisha mara mbili, kisha ongeza subira.

Baridi haizoeleki. Unavaa tu. Gazeti chini ya godoro, blanketi juu ya blanketi, na mtoto katikati, maana mtoto ni jiko. Komeo liko ndani. Baba aliliweka mwenyewe, chuma cha jembe.

Lakini nami nina swali. Unamuulizia nani haya yote? Watu wanne ni akina nani?

Dada yako,
Limakatso


Mokhotlong, 15 Julai 1984

Keneuoe,

Ni miezi miwili na nusu sijaona mwandiko wako. Theluji ilifunga barabara wiki tatu, ndege haikutua, nikajipa moyo kwamba ni hiyo. Jana ilitua. Karani alinitikisia kichwa nikiwa bado mlangoni.

Sisi wazima. Kuku mmoja amekufa kwa baridi, tumemla kwa heshima.

Kama nilisema neno baya, nisamehe. Kama si hivyo, andika hata mstari mmoja.

Limakatso


Hlotse, 2 Agosti 1984

Dada yangu,

Bahasha hii si ya duka. Ameiposti mwalimu Mosele, niliyekuwa naye chuo cha ualimu. Ukijibu, andika jina lake na shule ya msingi ya hapa Hlotse, naye atanipa kanisani. Usiandike tena kwa sanduku la duka, au andika habari za kuku tu.

Barua yako ya Aprili Bwana aliisoma mezani, mbele ya mama yake na mnunuzi mmoja wa sufu. Alipofika pale ulipouliza, akaikunja na kunitazama. "Eti," akasema, "unamuulizia nani?" Nikasema ni msichana wetu wa jikoni, ana mchumba huko milimani. Alipogeuka kumwita msichana, Moliehi akadakia, "Baba, ni kweli, Nthati ameniambia hata mimi, anaona haya." Mtoto wa miaka kumi na miwili alidanganya bila kupepesa jicho. Nilishindwa kujua nifurahi au nilie.

Hakuamini. Kesho yake viatu vyangu vyote, jozi tatu, vilihamia dukani, kwenye kabati la nyuma ya kaunta. Nikitaka kwenda kanisani naviomba. Anavitoa kwa upole kabisa, anauliza nitarudi saa ngapi, na nikirudi navivua mlangoni navirudisha mkononi mwake. Nyumbani navaa ndara. Hajawahi kuninyanyulia mkono, dada. Ananinunulia nguo. Wanawake wenzangu wananionea wivu. Nikienda kushtaki nitasema nini, kwamba mume wangu anatunza viatu vyangu?

Haikuanza jana. Miaka tisa iliyopita alikwenda shuleni kwangu akamwambia mwalimu mkuu kwamba sitarudi tena kazini, na mwalimu mkuu akasema sawa bwana. Mimi nilikuwa darasani nafundisha kujumlisha. Cheti changu kimo kwenye sefu. Hakuna shule itakayoniajiri bila sahihi yake, ndivyo sheria ilivyo, wewe unajua. Nilikuwa najiambia nyumba yenye nafasi haiwezi kuwa kifungo. Kisha ukaandika habari za kuku wanne na sufuria mbili, na kwamba hakuna anayekuuliza ulikuwa wapi. Nilijifungia bafuni nikairudia kichwani mpaka mama mkwe akabisha mlango.

Watu wanne ni wewe na Tlotliso, na mimi na Lipuo. Halafu nikakumbuka Moliehi, nikaona aibu. Nilihesabu vibaya. Ni watano.

Je, kuna nafasi?

Keneuoe


Mokhotlong, 20 Agosti 1984

Keneuoe wangu,

Nafasi ipo. Hilo nimeliandika kwanza ili usisome mengine huku unatetemeka.

Salamu za nyumbani leo ni fupi, Tlotliso mzima, mimi sijalala vizuri. Kuna mambo niliyokuficha, na huwezi kuja kwa kutegemea barua zangu za kuku.

Mwaka jana mwezi wa Februari tulikula majani ya porini siku kumi na sita, asubuhi na jioni, bila unga. Sikukuandikia. Tlotliso alianguka paredi ya shule nikawaambia ana minyoo. Kuna mzee mmoja, nitamtaja akifa, aliyekuwa anakuja kuniomba chumvi kila mwisho wa mwezi mpaka nikamfungulia mlango nikiwa na chuma cha jembe mkononi. Na kuna siku naongea na sufu. Furaha niliyokuandikia ni ya kweli, naapa. Ila nilijifunza kama mtu anavyojifunza kuogelea, kwa kunywa maji mengi.

La pili ni kubwa zaidi, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Baba yake Tlotliso alikwenda migodini mimba ina miezi minne, na hakutoa hata mguu wa ng'ombe wa mahari. Unakumbuka nilivyotukanwa. Baba yetu alikaa mwaka hasemi nami. Lakini kwa sababu hakutoa kitu, mtoto ni wa ukoo wetu, ni wangu, na hakuna mtu duniani anayeweza kuja hapa na kumdai. Aibu ile ndiyo ukuta wa nyumba yangu. Wewe uliolewa kwa heshima. Ng'ombe ishirini waliingia zizini kwa baba, mimi ndiye niliyewafungulia lango, na watu walipiga vigelegele mpaka ng'ambo ya mto. Keneuoe, wale ng'ombe hawakulipwa kwa ajili yako peke yako. Walilipwa kwa ajili ya Moliehi na Lipuo kabla hawajazaliwa. Mumeo akija kuwadai atakuja na sheria, nami sina cha kumjibu ila chai.

Njoo ukijua hivyo. Ukiamua kubaki sitakulaumu, na ukiamua kuja sitakuuliza kwa nini umekuja. Usichukue kitu chake chochote. Chukua mablanketi, kwa sababu hayo sina.

Limakatso


Sehlabathebe, 10 Februari 1985

Dada Limakatso,

Lipuo anawasalimu, amesema nimtangulize yeye. Tulifika salama kutoka kwako wiki ya kwanza ya Januari. Chumba tulichopewa kiko nyuma ya jiko la shule ya misheni, kwa hiyo ukuta mmoja una joto bure. Sista mkuu ni mtu wa maneno machache. Aliposikia sina sahihi ya mume aliniandika kwenye daftari kuwa msaidizi wa jikoni, kisha akanikabidhi darasa la kwanza. Napokea mshahara wa jikoni na kufundisha kujumlisha. Nimeanika samadi, dada. Nimeianza Februari. Lipuo ameikanyaga kwa miguu yake mwenyewe huku anaimba, naye ni mtoto wangu mimi niliyekuwa najificha nyuma ya zizi.

Tuna sufuria moja. Nimempindulia Lipuo koti. Nikirudi kutoka darasani nafunga mlango, nasikia kimya, na kwa dakika kadhaa naelewa kila ulichoniandikia. Kisha naangalia godoro, naona tumelala wawili mahali pa watatu.

Sikuwahi kukueleza tulivyoondoka, maana tulipofika kwako mwezi wa Oktoba ulitupa chakula na hukuuliza. Bwana alikuwa amekwenda mnadani Ficksburg, ng'ambo ya mpaka, kununua mahindi. Niliazimia kuondoka na ndara. Nilipotoka jikoni na watoto nikakuta viatu vya kanisani vya mama mkwe vimewekwa kizingitini, vyeusi, vimepigwa rangi. Yeye alikuwa kibarazani kwenye kiti chake, ametupa mgongo, anatazama barabara. Sijui kama aliviweka kwa ajili yangu au msichana alivisahau pale. Nilivivaa. Nilimpita na kusema, "Baki salama, mama." Hakugeuka. Akasema, "Basi la saa nne huwa linawahi."

Tulikaa kwako sote wiki tano kabla ya baraza. Sitazieleza, ulikuwepo. Lakini siku ya baraza ngoja niiandike kama nilivyoiona mimi, kwa sababu tangu hapo sijaitamka.

Alikuja amepanda farasi wa kukodi, na mjomba wake na wazee wawili. Alinisalimu vizuri. Alimwambia chifu hana ugomvi na mke, mke akitaka kukaa milimani akae, yeye anafuata watoto tu. Nilikuwa na tumaini kwa sababu chifu ni mwanamke, mjane aliyeshika kiti cha mumewe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikaeleza habari ya viatu, na wanaume wakacheka, lakini yeye hakucheka. Kisha akasema, "Mwanangu, nimekuelewa. Lakini ng'ombe hawakuingia katika zizi langu. Waliingia kwenu, mkawala." Akaamua Lipuo abaki nami mpaka afike miaka saba, kwa kuwa bado mdogo. Ya Moliehi akasema ana akili ya kutosha, aulizwe mwenyewe.

Nilikuwa na hakika, dada. Nilikuwa tayari nimenyoosha mkono. Mtoto akasimama, akafuta magoti vumbi, akasema, "Nitakwenda na baba."

Akaulizwa kama ametishwa. Akasema hapana. Akaulizwa kwa nini. Akasema huku kuna baridi.

Aliondoka akiwa nyuma ya farasi wa mjomba na hakugeuka hata pale penye kona. Miezi mitatu sasa najiuliza nilimfanya nini. Je, ni uji? Ni yale makoti ya kupindua? Ni kwa sababu siku ile nilipohesabu watu nilimsahau, na watoto wanajua? Nimemwandikia mara mbili kupitia Mosele. Hajajibu. Nimeanza kumkasirikia, na najichukia kwa hilo.

Kama unajua lolote, niambie. Wewe ndiye uliyekuwa naye jikoni asubuhi ile.

Mdogo wako,
Keneuoe


Mokhotlong, 4 Machi 1985

Keneuoe,

Nawasalimu. Jirani mwenye kikohozi amefariki wiki iliyopita, tumemzika sisi na si yeye. Tlotliso anaulizia Lipuo kila siku.

Barua hii nimeichana mara mbili. Niliapa kwa mtoto kwamba sitasema. Lakini sikuapa nikikuona unamkasirikia, na nadhani Mungu ataelewa tofauti.

Asubuhi ya baraza wewe ulikuwa umekwenda kisimani. Mimi nawasha moto, Moliehi ananipa vipande vya samadi kimoja kimoja. Akaniuliza kama baba akishindwa atarudi tena. Nikamwambia atarudi. Sikutaka kumdanganya, maana yeye mwenyewe ni fundi wa uongo, angenigundua. Akauliza kama akirudi na vijana badala ya wazee itakuwaje. Nikapuliza moto. Akapanga vipande vyake, kisha akasema, "Mama hajui, lakini baba hamtaki yeye. Anataka mtu wa kumhudumia bibi na kumpa chai. Nikienda mimi, ana mtu. Atachoka kumtafuta mama."

Nikamwambia hiyo si kazi ya mtoto. Akasema, "Sasa ni ya nani?"

Nilifikiri kukukimbilia kisimani. Hata nilisimama, nikafika mlangoni. Kisha nikawaza, akisema anabaki, yule mtu atarudi, atawachukua wote wawili, na wewe utarudi nyuma yao bila viatu. Nikarudi nikakaa. Hilo ndilo langu, Keneuoe, na nimelibeba tangu siku ile. Mtoto alisema ataeleza kuwa ni baridi, ili uweze kumkasirikia kidogo, maana alisikia kwamba mtu aliyekasirika halii sana.

Na kweli, tangu Novemba hakuna aliyekuja kukuulizia kwangu. Hata mara moja.

Nisamehe, au usinisamehe, lakini andika.

Limakatso


Sehlabathebe, 21 Aprili 1985

Dada yangu,

Tu wazima. Nimechelewa kuandika si kwa sababu ya posta.

Siku ile niliposoma barua yako nilivaa viatu nikaenda mpaka kituo cha basi na Lipuo mgongoni. Nilikuwa nakwenda Hlotse. Nilitaka kuingia kwa mlango wa mbele na kusema nimerudi, mwachieni mtoto wangu avue kanga ya jikoni. Basi lilifika. Kondakta akashika mzigo wangu. Nikamwambia auteremshe.

Nikirudi kule, yeye atakuwa amekwenda bure, na tutakuwa watatu ndani badala ya mmoja. Nisiporudi, kila uji ninaokunywa kwa amani hapa ni yeye aliyeuchota. Nimelizunguka hili kila upande kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta, na mlango haupo. Ulinionya kuhusu wale ng'ombe. Hukunionya kwamba mtoto angejitoa awe ng'ombe wa ishirini na moja. Hukujua, na mimi sikujua. Nimekusamehe kabla sijamaliza ukurasa wako. Ningekuwa mimi mlangoni pale, labda na mimi ningerudi kukaa.

Lipuo atafika miaka saba baada ya mwaka mmoja na miezi minane. Nilidhani nitaishi muda huo wote nikihesabu siku. Lakini darasa lina watoto arobaini na mmoja, na hawanipi nafasi ya kuhesabu kitu kingine. Namfundisha Lipuo kusoma na kuandika mapema, kila alasiri baada ya wenzake kwenda. Nimemwambia ni mchezo.

Jana nilipokea kutoka kwa Mosele jibu la Moliehi, ukurasa mmoja wa daftari. Anasema bibi mzima, mguu umepungua kuvimba. Anasema yuko darasa la sita na baba amemruhusu kuendelea kwa sababu anamsaidia hesabu za kinu. Anauliza kama Lipuo bado anakoroma. Mwishoni ameandika, "Mama, usiniandikie kwamba una huzuni. Niandikie mnakula nini."

Kwa hiyo leo nimekaa chini kumwandikia. Tangu alipoondoka nimekuwa nakula nimesimama, karibu na jiko, haraka, kama mtu anayesubiri kuitwa. Lipuo ameniuliza leo kwa nini mimi sina kiti. Nimeingiza boksi la sabuni kutoka stoo ya shule, nimeliweka upande wa pili wa sufuria, nimekaa. Tumekula mtama na majani, na yai moja tumegawana. Lilikuwa tamu, dada. Nimemwandikia hivyo hivyo, kwamba lilikuwa tamu.

Mdogo wako,
Keneuoe